Jinsi ya kufumbua hesabu za herufi: SATO + GOGO = DAGAA na nyingine

Tazama hesabu hii:

```
    S A T O
 +  G O G O
 ----------
  D A G A A
```

Kila herufi imeficha tarakimu moja kati ya 0 na 9. Herufi ileile hubaki na tarakimu ileile kila inapotokea, na herufi mbili tofauti hazishiriki tarakimu moja. Hakuna neno linaloanza na 0. Kazi yako ni kutafuta tarakimu ambazo zikikaa mahali pa herufi, jumla inakubali. Fumbo hili lina jibu moja tu, na katika mwongozo huu tutalifikia bila kubahatisha hata mahali pamoja.

Hapo kwenye kutobahatisha ndipo penye utamu wote. Mtu akipewa fumbo la namna hii kwa mara ya kwanza hukimbilia kujaribu: S iwe 7, A iwe 3, tuone itakuwaje. Hesabu za herufi hazifai kuendewa hivyo. Herufi sita zikigawiwa tarakimu kumi, zinapangika kwa njia 10 × 9 × 8 × 7 × 6 × 5, yaani 151,200. Ukijaribu njia moja kila dakika, usiku na mchana, zitakuchukua siku 105. Ukifuata hoja, robo saa inatosha.

Na hoja zenyewe hazidai elimu ya juu. Unahitaji kujumlisha kwa kubeba, somo la shule ya msingi. Mtoto anayemsaidia mama yake kuuza dagaa Mwaloni Kirumba na kurudisha chenji bila kukosea anazo hesabu zote zinazotakiwa. Kinachobaki ni kujifunza kuuliza swali sahihi kwenye safu sahihi.

Mchezo huu una umri mrefu. Fumbo lake maarufu kuliko yote lilitungwa na Mwingereza Henry Dudeney na kuchapishwa mwaka 1924: SEND + MORE = MONEY. Jibu lake ni 9567 + 1085 = 10652, nalo ni moja tu. Tangu hapo watu wamekuwa wakitunga mafumbo kama hayo kwa lugha nyingi. Kiswahili, kama tutakavyoona, kina tabia zake zinazoyafanya yawe na ladha ya pekee.

Unachohitaji

Penseli, kifutio na daftari la hesabu lenye miraba. Miraba ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kila herufi lazima ikae chini ya mwenzake, mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Pembeni andika tarakimu 0 hadi 9 kwa mstari mmoja, uwe unazikata kila inapopata mwenyewe. Chini yake orodhesha herufi za fumbo. Zikizidi kumi, acha hapohapo: fumbo halina jibu, kwani tarakimu ni kumi tu.

Anza na dogo: LA + LA + LA = MLA

```
    L A
    L A
 +  L A
 ------
  M L A
```

Tuanze na safu ya mamoja. A tatu zikijumlishwa zinaishia na A. Jaribu tarakimu zote kumi kichwani: 3 × 0 ni 0, sawa. 3 × 1 ni 3, hapana. 3 × 2 ni 6, hapana. Ukifika mwisho utakuta zinazokubali ni mbili tu, 0 na 5 (3 × 5 ni 15, inaishia na 5).

Sasa hamia makumi. Ikiwa A ni 5, tumebeba 1, kwa hiyo L tatu na 1 zinatakiwa kuishia na L. Toa L moja kila upande: L mbili na 1 zinatakiwa kuishia na 0. Lakini L mbili ni namba shufwa, na ukiongeza 1 inakuwa witiri. Witiri haiishii na 0. Basi A si 5. A ni 0.

A ikiwa 0 hatukubeba kitu, na L tatu zinaishia na L. Kwa hoja ileile ya mwanzo L ni 0 au 5. Sifuri imeshachukuliwa, tena L inaanza neno, kwa hiyo L ni 5. Tano tatu ni 15: andika 5, beba 1. M ni 1. Jibu: 50 + 50 + 50 = 150.

Angalia tulichofanya. Hatukuuliza "L ni ngapi?" tukaanza kubuni. Tuliuliza safu inaruhusu nini, kisha tukaipeleka ruhusa hiyo kwenye safu ya jirani, nayo ikakata baadhi. Mafumbo yote makubwa yanafumbuliwa hivyohivyo.

Kubeba ndiko kunakofungua mlango

Kabla ya kurudi kwa sato na gogo, shika mambo haya kuhusu kubeba, maana ndiyo yatakayobeba hoja zote.

Ukijumlisha namba mbili, unachobeba kutoka safu yoyote ni 0 au 1, hakuna zaidi. Hata 9 + 9 na 1 iliyobebwa ni 19. Ukijumlisha namba tatu unaweza kubeba 0, 1 au 2. Kutokana na hilo, namba mbili zenye tarakimu nne zikizaa namba yenye tarakimu tano, ile ya mbele kabisa ni 1. Hakuna mjadala. Kwa hiyo katika DAGAA, D ni 1, na kwa kulijua hilo tu zile njia 151,200 zimeshuka hadi 15,120.

Jambo la pili ni shufwa na witiri. Herufi ikijumlishwa na yenyewe, matokeo ni shufwa. Kilichobebwa kikiingia, yanakuwa witiri. Hoja hii fupi inaua uwezekano mwingi kuliko nyingine yoyote.

La tatu linahusu herufi inayojirudia kwenye jumla. Chukua MIMI + WEWE = SISI. Kwenye mamoja, I na E zinaishia na I. Kitu ambacho ukikiongeza hakibadilishi chochote ni 0, basi E ni 0 kabla hujagusa kitu kingine. (Fumbo hilo lina majibu mengi, lakini E haitoki kwenye 0 katika lolote kati ya hayo.)

Sasa SATO na GOGO

Kila safu iandike kama usawa wake. Kinachobebwa kutoka mamoja kiite k1, kutoka makumi k2, kutoka mamia k3. Kila kimoja ni 0 au 1.

Mamoja: O + O = A + 10 × k1
Makumi: T + G + k1 = A + 10 × k2
Mamia: A + O + k2 = G + 10 × k3
Maelfu: S + G + k3 = A + 10

Ile 10 ya mwisho ndiyo D, ambayo tumeshasema ni 1.

Watu wengi huanza upande wa kulia kwa mazoea ya shule. Hapa ningekushauri uanze na mamia, kwa sababu G na A zinaonekana pamoja kwenye mamia na kwenye maelfu pia, na safu mbili zinazoshiriki herufi mbili huwa zinafichuana.

Chukulia kwanza k3 ni 1. Basi usawa wa mamia unasema G ni A ukiongeza O na k2, kisha ukitoa 10. O haizidi 9 na k2 haizidi 1, kwa hiyo zote mbili hazizidi 10. Maana yake G haiwezi kuwa kubwa kuliko A. Haziwezi kulingana pia, basi G ni ndogo kuliko A. Nenda maelfu ukiwa na habari hiyo: S ni A ukitoa G, ukiongeza 9. A ni kubwa kuliko G, kwa hiyo S inazidi 9. Hakuna tarakimu inayozidi 9. Dhana imevunjika, na k3 ni 0.

Usipite haraka hapo. Hatujui hata herufi moja zaidi ya D, lakini tumefunga nusu ya njia zote kwa mistari michache.

Sasa mamia ni mepesi: G = A + O + k2. Je, O inaweza kuwa 0? Hapana, maana mamoja yangeipa A nayo 0. Basi G ni kubwa kuliko A. Peleka hilo kwenye makumi: T + G + k1 inaishia na A, lakini G peke yake imeshaipita A. Njia pekee ya kuishia na A ni kuvuka kumi. Basi k2 ni 1.

Ukiweka 1 mahali pa k2, G ni A + O + 1. Tia G hiyo kwenye maelfu, A zinaondoka pande zote mbili, na unabaki na S = 9 − O. Tia G hiyohiyo kwenye makumi, A zinaondoka tena, na unapata T = 9 − O − k1.

Linganisha S na T. Zinatofautiana kwa k1 tu. Kama k1 ingekuwa 0, S na T zingekuwa tarakimu moja, jambo lililokatazwa. Basi k1 ni 1, na hiyo ina maana O ni 5 au zaidi.

Vilivyobebwa vyote tumevijua, na ni sasa tu ndipo tunagusa tarakimu. Jaribu O kuanzia 5:

O = 5: A ni 0, G ni 6, S ni 4, T ni 3. Zote tofauti, na hakuna iliyo 1.
O = 6: A ni 2, G ni 9, S ni 3, T ni 2. T na A zimegongana, imekataa.
O = 7, 8 au 9: A ni 4, 6 au 8, na G inavuka 9. Zimekataa.

Jibu ni 4035 + 6565 = 10600.

Kuhakiki

Jumlisha upya kwa mkono kwanza. Kisha tumia kipimo cha pili kinachokamata makosa ya kunakili. Jumlisha tarakimu za namba zote za juu: 4 + 0 + 3 + 5 ni 12, na 6 + 5 + 6 + 5 ni 22, pamoja 34. Jumlisha tarakimu za jibu: 1 + 0 + 6 + 0 + 0 ni 7. Toa: 34 − 7 ni 27, yaani 9 mara 3. Tofauti hiyo siku zote ni 9 ikizidishwa kwa jumla ya vilivyobebwa, kwa kuwa kila unapobeba, unaacha 10 safu moja na kuweka 1 safu inayofuata, na tarakimu zinapungua kwa 9. Hapa tulibeba mara tatu: kutoka mamoja, kutoka makumi, na ile iliyozaa D. Imelingana.

Fumbo lisilo na jibu

Badilisha kidogo: SATO + SATO = DAGAA. Linaonekana jepesi zaidi, herufi ni zilezile sita. Lakini fuata.

A ni shufwa, kwa kuwa ni O mbili. Kwenye makumi T mbili na k1 zinaishia na A hiyohiyo iliyo shufwa, basi k1 ni 0, na A ni O mbili kamili. T mbili nazo zinaishia na A. Namba mbili tofauti ambazo maradufu yake yanaishia sawa zinapishana kwa 5, na O ndiyo ndogo kwa kuwa haikubeba, hivyo T ni O + 5. Kwenye maelfu S mbili na k3 ni 10 + A, ambayo ni shufwa, kwa hiyo k3 ni 0, na S ni 5 + nusu ya A. Nusu ya A ni O. Basi S ni O + 5, ambayo tayari ni T.

S na T zimelazimishwa kuwa tarakimu moja. Fumbo halina jibu, na tumelithibitisha hilo. Kwangu mimi uthibitisho wa kutokuwepo jibu una hadhi sawa na jibu lenyewe. Mwanafunzi anayeandika "haiwezekani, kwa sababu hii" amefumbua fumbo.

Fumbo lenye majibu zaidi ya moja

MAJI + MAJI = ZIWA. Maana imekaa vizuri hata kabla ya hesabu.

A ni shufwa, maana ni I mbili. Na kwenye mamia A mbili, pamoja na k2, zinaishia na I. Pima A moja baada ya nyingine. A ikiwa 0, I lazima iwe 5, lakini mamia yanatoa 0 au 1. A ikiwa 2, I ni 1 au 6, mamia yanatoa 4 au 5. A ikiwa 4, I ni 2 au 7, mamia yanatoa 8 au 9. A ikiwa 8, I ni 4 au 9, mamia yanaishia na 6 au 7. A ikiwa 6, I ni 3 au 8, na mamia yanaishia na 2 au 3. Hapo zimekutana: A ni 6, I ni 3, makumi yamebeba 1, na mamia nayo yamebeba 1.

Z ni M mbili ukiongeza 1. M ikiwa 1, Z ni 3, imechukuliwa na I. M 2 inatoa Z 5. M 4 inatoa Z 9. Kwa J, iliyo lazima ibebe na haikupokea kitu: 5 inatoa W 0, 7 inatoa W 4, 9 inatoa W 8, na 8 inagongana na A. Ukiunganisha bila migongano unabaki na majibu matatu: 2673 + 2673 = 5346, 2693 + 2693 = 5386, na 4653 + 4653 = 9306. Ukimpa mtu fumbo hili, ongeza sharti, kwa mfano "ziwa liwe kubwa iwezekanavyo", naye atabaki na moja: 9306.

Kutunga yako mwenyewe kwa Kiswahili

Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na irabu ni tano. Kwa hiyo safu ya mamoja imejaa irabu zinazojirudia, na hapo ndipo fumbo la Kiswahili hufunguka au hujifunga lenyewe. Maneno mawili yanayoishia na A yakizaa neno linaloishia na A, A ni 0. Na kama herufi ya pili kutoka mwisho nayo inafanana kwa yote matatu, fumbo limekufa, kwa sababu herufi mbili zinataka sifuri moja. Ndiyo maana JIWE + JIWE = MAWE haliwezekani, ingawa kimaana lingeufaa mji wa miamba kama Mwanza. Mawe matatu, lakini, yanakubali, na utayakuta hapa chini.

Hesabu herufi, usihesabu sauti. Sh ni herufi mbili, ch ni mbili, ny ni mbili. Maneno yenye ng' ningeyaacha, kile kialama kinawachanganya wanaoanza. Angalia pia urefu: sato na gogo hawawezi kuzaa SAMAKI, kwa kuwa namba mbili za tarakimu nne hazifiki tarakimu sita. Na maneno marefu humaliza herufi upesi. MWANZA na KIRUMBA peke yake tayari yana herufi kumi tofauti, hakuna nafasi ya hata moja mpya kwenye jumla.

Kama wewe au mwanao mnajua kuandika programu ndogo kwenye simu au kompyuta, itumie kuhakiki fumbo ulilotunga lina majibu mangapi. Kompyuta itapitia njia zote 151,200 kabla hujapepesa. Kwa kufumbua, achana nayo.

Ukikutana na fumbo la kutoa, ligeuze kuwa la kujumlisha: DAGAA − SATO = GOGO ni lilelile tulilolimaliza.

Ya kujaribu

Haya yanafaa safari ya meli kutoka Mwanza hadi Nansio, au jioni yoyote yenye muda.

1. GOGO + GOGO = DAGAA. Lina jibu moja.
2. JIWE + JIWE + JIWE = MAWE, na MAWE yawe makubwa kuliko yote yanayowezekana.
3. JUA + JUA + JUA = MVUA. Tafuta majibu yote matatu.

Majibu, kwa atakayekwama:

La kwanza ni 9494 + 9494 = 18988. Makumi yanalazimisha k1 iwe 0 na G iwe O + 5, kwa hiyo makumi yanabeba 1. Maelfu yanalazimisha k3 iwe 0. Mamia basi yanasema O mbili na 1 ni O + 5, na O inatoka kuwa 4.

La pili ni 3250 mara tatu, 9750. E ni 0 na W ni 5 kwa hoja ya LA + LA + LA. M ikitaka kuwa 9, J ni 3 na mamia hayabebi kitu, hivyo I haizidi 2. I ikiwa 2, A ni 7.

La tatu: 450 mara tatu ni 1350, 650 mara tatu ni 1950, na 950 mara tatu ni 2850. A ni 0 na U ni 5 kama hapo juu. J 3 inaifanya V iwe 0, J 7 inazifanya M na V zilingane, na J 8 inaifanya V iwe 5, ndiyo maana hizo hazimo. J 1 na 2 hazitoshi kuifikia M, na 5 imeshachukuliwa na U.